Picha ya Shangazi wa Mfalme

Juni 9

Nimefika kisiwa cha Vava'u kwa meli asubuhi hii, tumbo likiwa tupu kwa kutapika. Nyumba ya Binti Mfalme Siulolo iko Houmalei, juu ya mwamba unaotazama ghuba. Ni nyeupe, ina veranda pande zote, na mbele yake kuna uwanja wa nyasi ambao mtu lazima auvuke akiwa ameinama. Nimeuvuka nimeinama, sanduku la kamera mkono mmoja, sanduku la dawa za kusafishia picha mkono wa pili. Magoti yalilia kama bawaba za mlango wa kanisa.

Kazi yenyewe ni ndogo. Binti Mfalme, shangazi yake Mfalme, anatimiza miaka themanini mwezi wa tisa, na inatakiwa stempu yenye uso wake. Picha moja tu. Kasri limenituma mimi, si Lisiate, kijana wetu mpya, kwa sababu waliona ni kazi nzuri ya kumalizia. Walisema hivyo kwa upole sana. Maana yake nikirudi nikapumzike. Lisiate ana magoti mazuri.

Daftari hili nimepewa na binti yangu Sela niandike mwanga na saa ya kila picha. Leo mwanga ulikuwa wa dhahabu. Sikupiga kitu.

Juni 10

Nimeitwa verandani. Binti Mfalme alikuwa kwenye kiti cha mianzi, mimi chini kwenye mkeka, na pembeni yetu Mzee Uaisele, msemaji wake. Mtu kama mimi hazungumzi na mtu kama yeye. Namwambia Uaisele, Uaisele anamwambia yeye, ingawa masikio ya bibi huyo ni mazima na tulikaa karibu kiasi kwamba nilisikia tumbo lake likinguruma.

"Mpiga picha anaomba kujua Mtukufu atakuwa tayari siku gani," akasema Uaisele.

"Mwambie kesho."

"Kesho," Uaisele akanigeukia.

"Nashukuru."

"Ameshukuru, Mtukufu."

"Nimesikia. Muulize hiyo stempu inabandikwaje."

Uaisele akaniuliza. Nikajibu kwamba mtu anailamba upande wa nyuma, kisha anaigandamiza kwenye bahasha.

Halafu ile sauti nzito, ya taratibu: "Kwa hiyo nchi nzima itanilamba mgongo."

Sikujua kama naruhusiwa kucheka. Uaisele hakucheka. Nikautazama mkeka.

Nilichokiona kwake ni miguu tu. Miguu mikubwa, safi, kidole gumba kimepinda kidogo. Uso sikuuona. Nyuso za watu wa ukoo wa Mfalme huwa naziona ndani ya kioo cha kamera, basi, na bila kamera mtu hainui macho.

Juni 11

"Kesho."

Juni 12

"Kesho." Mvua nyepesi.

Juni 13

Jumapili. Kanisa, shelisheli, usingizi.

Juni 19

Nimehamishiwa kwenye ghala la zamani la viazi vikuu, nyuma ya jiko. Halina dirisha, kwa hiyo litafaa kuwa chumba changu cha giza. Linanukia udongo.

Mpishi ni mjane anaitwa Losaline, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kufukuza kuku. Ameamua mimi ni kaka yake. "Kaka Kepueli, kula. Picha hazipigwi na mifupa." Ananiwekea magimbi na samaki kwa tui mpaka nashindwa kuinuka.

Mchana wanawake wa kijiji wanaponda magome ya kutengenezea nguo chini ya mti wa mkuyu. Tok, tok, tok, kutwa nzima, nyundo za mbao juu ya gogo. Mwanzoni zilinisumbua. Sasa zikinyamaza naamka.

Nyangumi wamefika. Losaline alinionyesha, akiwa na kisu cha kumenyea mkononi: mama na mtoto, ndani kabisa ya ghuba, wamelala juu ya maji kama visiwa viwili ambavyo jana havikuwepo. Wakipumua, mvuke unasimama hewani kwa muda, halafu unasahau ulikuwa unafanya nini.

Juni 28

Hatimaye ameniita. Hakuitaka kamera, aliitaka albamu yangu, ile ninayotembea nayo, yenye kazi zangu bora tangu nilipoingia kasrini nikiwa kijana. Kutawazwa, harusi, wageni kutoka ng'ambo, mazishi.

Alizifungua kurasa polepole sana. Jua lilikuwa linapenya kwenye wavu wa veranda, na kila alipofungua ukurasa vumbi liliruka likametameta. Nilisikia nyundo za magome kwa mbali. Nadhani nilikaribia kusinzia.

"Uaisele," akasema, "huyu ni kaka yangu?"

"Ndiye, Mtukufu."

"Nimeishi naye nyumba moja. Sikujua kama matundu ya pua yake ni mapana hivi."

Akafungua tena. "Na huyu binamu yangu. Matundu ya pua. Na huyu. Videvu. Mashimo. Mawingu nyuma." Akaifunga albamu. "Muulize mpiga picha kwa nini watu wa ukoo wangu hawana macho."

Uaisele hakuniuliza. Hapakuwa na haja. Kila mtu anajua. Kichwa changu hakiwezi kuwa juu ya kichwa chao, kwa hiyo maisha yangu yote nimewapiga picha nikiwa nimekaa chini, nimepiga magoti, au nimelala kwa tumbo kwenye nyasi. Watu walisema picha zangu zina utukufu. Na mimi nilisema hivyohivyo.

Usiku nimezitazama tena, moja moja. Ni kweli. Hawana macho.

Julai 3

Leo nilipeleka kamera, nikatandika mkeka, nikajipanga chini. Akasema, "Asimame."

Uaisele akageuka kama aliyesikia tusi. "Mtukufu?"

"Nataka anipige uso kwa uso. Mwambie asimame."

Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Nilitia mkono chini, nikainua goti moja. Wanawake waliokuwa wakifuma mikeka kwenye kona ya veranda wakavuta pumzi wote kwa pamoja, na hiyo pumzi ikanirudisha chini kama mtu aliyesukumwa. Mgongo wangu haukukubali. Haukuwa woga tu. Ni kama kumwambia mtu ale kwa sikio.

"Siwezi," nikasema, moja kwa moja kwake, bila kupitia kwa Uaisele, kwa kuchanganyikiwa.

Akaingia ndani.

Julai 4

Jumapili. Hakuja kanisani.

Julai 6

Uaisele alikuja ghalani kwangu. Mzee huyu ana uso kama mlango uliopigiliwa misumari. Hakukaa.

"Ukisimama mbele yake," alisema, "nitaandika kasrini kwa mkono wangu mwenyewe. Hata akikuamuru."

"Sina nia ya kusimama, mzee."

"Mtu haamriwi kuvunja heshima ya anayemwamuru. Elewa hilo."

Ninaelewa. Nyumba ninayoishi na Sela na wajukuu iko kwenye ardhi ya kasri, nimepewa kwa hisani. Nikirudi na aibu, hisani itakwisha. Ananichukia huyu mzee, sijui kwa nini. Pengine kwa sababu miye ni mtu wa mjini.

Julai 8

Upepo wa kusini. Baridi. Losaline amenipa blanketi linalonuka moshi.

Julai 9

Hakuna.

Julai 12

Nilikuwa nimekaa kwenye ukuta mdogo wa mawe juu ya ufuko, natazama nyangumi mtoto akijifunza kuruka. Anaruka nusu, anaanguka ubavu, mama yake hajisumbui hata kugeuka. Nikasikia fimbo nyuma yangu. Nikateremka ukutani haraka, nikakaa mchangani.

Alikuwa yeye, na Uaisele nyuma yake ameshika mwavuli.

Alizungumza nami mwenyewe. Uaisele alikuwa ameshafungua mdomo kuyapokea maneno, ukabaki wazi.

"Mpiga picha, unafikiri nakutania?"

"Hapana, Mtukufu."

"Nina kioo chumbani. Kila siku najitazama. Lakini kwenye kioo namwona mtu anayejitazama, basi. Huyo namjua, amenichosha." Fimbo yake ilichora mstari mchangani, karibu na goti langu. "Mama yangu alipokufa nilikuwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo, kila anayekuja mbele yangu ananionyesha utosi. Ninajua utosi wa kila mtu kisiwa hiki. Najua nani ana upara anauficha. Nataka kujua uso wangu unakuwaje mtu akiutazama. Kabla sijafa. Ni jambo kubwa hilo?"

Niliona miguu yake imezama kidogo kwenye mchanga na maji yakijaa pembeni ya visigino.

"Ni jambo kubwa," akajijibu mwenyewe, na akaondoka.

Julai 13

Nimekuwa nikiwaza kwamba mwanamke huyu ana majivuno. Nimeliandika hilo hata kwenye barua kwa Sela. Natamani ningeweza kuifuata ile barua baharini.

Julai 15

Nilimwota. Alikuwa na uso, lakini nilipoamka umepotea.

Julai 17

Mvua kutwa. Ghuba na mbingu vimekuwa kitu kimoja cheupe. Sauti ya nyangumi wakipumua inakuja kutoka ndani ya weupe huo, huwezi kujua ni mbali au karibu. Losaline anasema mamake alikuwa akimwambia hao ni watu wanaofikiria jambo.

Julai 21

Nimekosea sana kuhusu Mzee Uaisele.

Alikuja tena alasiri, mvua ikimtiririka mgongoni. Safari hii alikaa, juu ya gunia la viazi, na akaomba chai. Alishika kikombe kwa mikono miwili muda mrefu bila kunywa.

"Tangu siku ya ufukweni silali," alisema. "Kepueli, mimi ndiye mdomo wake. Nimekuwa mdomo wake tangu nikiwa na nywele nyeusi. Nimesema maneno yake kwenye harusi, kwenye kesi za ardhi, kwenye vilio. Akiwa na hasira, mimi ndiye ninayefoka. Usiku ule nilimuuliza mke wangu, 'Macho ya Binti Mfalme yana rangi gani?' Akaniambia, 'Wewe ndiye ungejua.'" Akatikisa kichwa. "Sijui. Kumbe sijui."

"Mzee, hata mimi sijui."

"Wewe usingeweza kusimama mbele yake?"

"Uliniambia utaandika kasrini."

"Ningeandika. Na ningekuwa sawa." Akanywa chai yote kwa mkupuo mmoja, kama dawa. "Huwezi kusimama akiwa amekaa. Huwezi kusimama akiwa amesimama. Akikaa chini, itabidi wewe ulale, na sisi sote tulale, tutakuwa kama samaki waliotandazwa wakauke. Nimezunguka humo siku zote hizi. Leo nilikwenda kuoga baharini, na wajukuu zangu walikuwa wanaogelea. Nikatazama. Vichwa. Vichwa tu juu ya maji, vyote sawa."

Nikaweka birika chini.

"Baharini," akasema Uaisele kwa sauti ya mtu anayetoa hukumu, "hakuna kukaa wala kusimama. Mtu yumo tu. Sheria yetu haina neno lolote juu ya mtu aliyemo majini mpaka mabegani. Nimetafuta. Haina."

"Na wimbi likiniinua juu yake?"

Alifikiri kwa uzito mkubwa.

"Hilo ni kosa la wimbi."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na ule mlango wa misumari ukafunguka: Mzee Uaisele ana jino moja la dhahabu, huko nyuma, ambalo nadhani watu wachache wameliona.

Julai 24

Nataka kuandika yote kabla mkono haujasahau.

Tuliteremka baada ya mvua kukatika, asubuhi, maji yakiwa shwari kama maziwa kwenye sufuria. Uaisele alikuwa amewaambia wanawake wasiponde magome leo, na vijana wasivue. Ghuba nzima ilikuwa kimya. Losaline alikuja na nguo kavu na uso wa mtu anayekwenda kuona ajali.

Binti Mfalme aliingia kwanza, amevaa gauni lake jeusi, na mkeka wa kujifunga kiunoni, kama anayekwenda kanisani. Alitembea ndani ya maji bila kugeuka. Maji yalimfika magotini, kiunoni, kifuani. Uaisele akafuata, naye na mkeka wake, ukielea kumzunguka kama jani kubwa, huku akiusukuma chini kwa heshima na wenyewe ukipanda tena. Mimi nilikuwa wa mwisho, kamera ndogo nimeinyanyua juu kwa mkono mmoja. Maji yalikuwa na baridi mwanzoni, halafu hayakuwa na kitu. Magoti yangu yaliacha kuuma. Baada ya miaka sijui mingapi, yaliacha kuuma kabisa, nikawa sina magoti, sina mgongo, nina kichwa na mkono tu.

Uaisele akaja nyuma yangu akanishika mkeka wa kiunoni ili nisipepesuke. "Songa," akasema. "Songa tena. Hapo. Kimo ni sawa."

Nilikuwa natazama maji. Niliona gauni lake likicheza chini kama moshi. Nikainua kamera jichoni, kwa mazoea.

"Ngoja," akasema. "Kwanza bila hiyo."

Mkono wangu ukabaki juu.

"Iteremshe. Nitazame."

Niliinua macho.

Sijui nitaandika vipi. Macho yake ni ya kahawia, lile la kushoto lina alama nyeusi kama mbegu. Nyusi zimeshakuwa nyeupe. Kuna kovu dogo juu ya mdomo. Maji yalikuwa yanamgusa kidevu na kuachia, kugusa na kuachia. Alikuwa ananitazama, na mimi namtazama, na hapakuwa na mkubwa wala mdogo, palikuwa na wazee wawili wenye baridi ndani ya maji. Nyangumi alipumua mahali fulani nyuma yake. Hakugeuka. Kilikuwa kitu kama kushika kitu cha moto bila kukiachia. Nilitaka kuangalia pembeni, na nilijua yeye pia anataka, na hakuna aliyefanya hivyo.

Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia, "Haya. Piga."

Nikapiga. Nikapiga tena. Miguu yangu ilikuwa inateleza chini na Uaisele alikuwa ananishika kwa nguvu, nikapiga mpaka filamu ikagoma. Wimbi moja kutoka nje ya ghuba likatuinua wote watatu, polepole, na kututeremsha.

"Limetuinua sawa," akasema Uaisele.

Tulipotoka majini Uaisele alikaa mchangani hadi mimi na Binti Mfalme tulipopita, kisha akabaki hapohapo, mgongo wake kwetu. Losaline alisema tumwache. Mzee alikuwa ameyaona hayo macho juu ya bega langu.

Julai 26

Ana homa.

Julai 27

Homa. Kifua.

Julai 29

Mashua ya daktari imekuja kutoka mjini Neiafu. Daktari alipanda nyumbani kwa haraka hata akasahau kuinama uwanjani. Watu wamekaa kwenye nyasi wanaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Losaline haniiti kaka. Aliweka sahani yangu mlangoni na kuondoka, viazi vikuu na maganda yake.

Filamu iko kwenye kopo lake. Sijaigusa.

Julai 31

Mchungaji aliuliza mbele ya watu wote ni nani aliyemwingiza bibi wa miaka themanini kwenye maji ya mwezi wa saba. Nikainua mkono. Uaisele alikuwa mbele yangu, ameshasimama.

"Mimi," akasema. "Kwa shauri langu. Huyu alishika kamera tu."

"Mzee Uaisele, wewe? Mtunza heshima?"

"Mimi."

Wamemwondoa kwenye kuchanganya kava ya jioni, kinywaji chetu cha mizizi. Anakaa mwisho wa mstari, karibu na mlango, na watoto. Nilikwenda kukaa naye. Alikunywa zamu yake ilipofika, akanipa kifuu, na akasema, "Huku nyuma kuna upepo mzuri. Sikujua."

Agosti 3

Bado. Sauti ya kikohozi chake inafika mpaka ghalani. Usiku wa jana kilikatika kwa muda na nilikaa kitandani nikikisubiri kianze tena.

Agosti 4, 5, 6

Sina la kuandika. Mvua. Nyangumi wako palepale.

Agosti 8

Nikifumba macho naona lile jicho lenye mbegu nyeusi. Nimewapiga picha watu wake wengi sana na sikumbuki jicho la hata mmoja. Naogopa kusafisha filamu. Kama hakuna kitu ndani yake, basi alikwenda kuumwa bure. Kama kipo, itakuwaje afe kabla ya kukiona?

Agosti 11

Uaisele ameruhusiwa chumbani. Alitoka akaja moja kwa moja ghalani.

"Homa imeshuka. Amekula uji. Anauliza kama alitazamwa vizuri."

Nikaanza kuchota maji ya mvua saa ileile.

Agosti 12

Nilipanga sahani zangu tatu za dawa juu ya magogo ya kuwekea viazi. Nikafunga mlango, nikaziba nyufa kwa mifuko. Losaline aliketi nje kuzuia watu, hajanisemesha bado lakini aliketi.

Filamu ilipotoka nikaitundika kwenye kamba. Kwanza maji. Halafu maji na mbingu. Sikio la Uaisele. Kidole changu. Mbingu. Ukungu. Nikapita picha moja moja. Karibu na mwisho ilikuwepo moja.

Nikaichapisha. Kwenye sahani ya kwanza karatasi ilikaa nyeupe muda mrefu. Kisha nyusi zikaja, halafu ile mbegu kwenye jicho, halafu mdomo, na maji yakaja mwisho, kama yaliyokuwa yanasubiri ruhusa.

Nilifungua mlango ikiwa bado inachuruzika. Losaline akaitazama. Akaweka kiganja mdomoni.

"Kaka," akasema. "Kumbe yuko hivi."

Agosti 14

Alikuwa kitandani, mito mingi mgongoni. Mimi na Uaisele tulikaa chini kabisa, kichwa chini ya usawa wa godoro. Nikaipitisha picha juu bila kutazama. Mkono wake ukaichukua.

Pazia lilikuwa linajaa upepo na kunywea. Wanawake walikuwa wameanza tena kuponda magome, mbali, na nilihisi chumba chote kinapumua kwa mdundo huo.

"Uaisele," akasema mwishowe. "Nimekuwa mkali kwako?"

"Mtukufu ni Mtukufu."

"Jibu."

"Ndiyo. Mara nyingi."

"Nilidhani mimi ni mtu mkali. Watu walinyamaza nikiingia, nikadhani ni kwa sababu mimi ni mkali, basi nikawa mkali." Karatasi ikasikika ikigeuzwa mkononi. "Lakini huyu mwanamke si mkali. Huyu ana haya. Tazama, Uaisele. Anataka kujificha na hana pa kwenda. Ana haya kama msichana."

Mabega ya Uaisele yalikuwa yanatikisika.

"Miaka yote hii," akasema Binti Mfalme, na akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha kikohozi na pumzi fupi, na Losaline akakimbilia ndani na maji akidhani anakata roho.

Agosti 23

Ametoka verandani kwa mara ya kwanza. Leo tumepiga picha ya stempu. Mimi chini kwenye mkeka, yeye kwenye kiti cha mianzi, mawingu nyuma. Alikaa wima, kidevu juu, kama wote. Nilimwomba, kupitia kwa Uaisele, ateremshe macho kidogo sana kuelekea kwenye kamera. Aliyateremsha kama unene wa uzi. Inatosha. Sidhani kama kasrini watagundua, na nadhani wataipenda.

Uaisele amerudishiwa nafasi yake kwenye kava. Analalamika kwamba huko mbele kuna joto.

Agosti 30

Nyangumi wanaanza kutoka. Mtoto sasa anaruka mzima mzima.

Septemba 1

Siku ya kuaga. Nilimwambia Uaisele jambo ambalo nimelizuia kooni kwa wiki mbili: kwamba naomba ruhusa ya kuchapisha nakala ya pili ya ile picha ya majini, ya kwangu, nitakayoificha, nisimwonyeshe mtu. Ndiyo picha pekee niliyowahi kupiga, nilisema. Nyingine zote zilikuwa kazi.

Uaisele akageuka kumwambia. Binti Mfalme akamkatiza.

"Nimesikia. Hapana." Kisha, taratibu, akizungumza nami: "Hiyo ni yangu, Kepueli. Mimi sikuwa na njia nyingine ya kujiona. Wewe ya nini? Wewe ulikuwepo."

Nikaweka filamu yenyewe, ile iliyosafishwa, miguuni pake. Niliteremka uwanjani nimeinama, na sikusikia magoti.

Septemba 3, nyumbani

Sela alikuwa bandarini na watoto. Lisiate naye, amekuja kuchukua picha ya stempu kuipeleka kasrini; nimempa na nimempa pia kamera kubwa, maana haina kazi tena kwangu. Alinishukuru mara nyingi mno.

Jioni, tulipomaliza kula, mjukuu wangu mdogo akauliza Binti Mfalme anafananaje. Sela akaniletea sanduku la picha zangu, kama kawaida, nimwonyeshe mtoto. Nikamwambia alirudishe. Nikamkalisha mtoto mbele yangu na kuanza kumweleza: kwanza nyusi, kwamba ni nyeupe, na zinakaa hivi. Halafu macho. Sela akaja kukaa. Jirani akaja. Chai yangu ilikuwa imepoa kabisa, na nilikuwa bado sijafika kwenye mdomo.